Maji ya Sabuni Kwenye Breki za Kobe

Vijana, mnaponiona nikilizunguka gari mara tatu kabla ya kupanda, mnanong'onezana na kucheka. Nawasikia. Masikio yangu yamechoshwa na ngurumo za matrekta lakini hayajafa. Wiki iliyopita mmoja wenu alisema, "Mzee Kasiani mwoga huyo, balaa!" Ni kweli. Nimeshika spana zaidi ya miaka arobaini, nikaanzia Kidatu kwenye matrekta ya miwa nikamalizia Ifakara kwenye gereji yangu mwenyewe, na vidole vyangu kumi vyote viko hapa, vihesabuni. Nimefanya kazi na mafundi ambao hawakuogopa kitu. Baadhi yao nimewabeba kwenye jeneza.

Ila msidhani nimeketi hapa kujisifu. Kuna siku moja niliacha kuogopa kile kinachoua, nikaogopa kitu kingine kabisa, na ndani ya gari walikuwamo watu wawili ninaowapenda kuliko wote. Habari hiyo sijawahi kuisimulia gereji. Leo nitaisimulia, lakini lazima kwanza mmjue Kobe.

Wengi wenu mmemkuta Kobe akiwa mzee kama mimi, ameegeshwa nyuma ya nyumba yangu, kuku wanataga kwenye kiti cha abiria. Kobe ni gari-nyumba. Mbele ni gari, nyuma ni chumba: kitanda ukutani upande wa kulia, meza ya kukunja, jiko, sinki la kuoshea vyombo, mpaka choo kidogo ambacho mke wangu alikigeuza stoo ya vitunguu siku ya kwanza tu. Usukani uko kushoto, kwa sababu alitengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine. Alikuja na wazungu wawili wazee, mume na mke, waliozunguka naye nusu ya dunia, injini ikawafia Mang'ula walipokuja kuona milima. Niliwatengenezea kwa wiki tatu. Gari lilipopona, bibi naye akaugua, wakaamua kurudi kwao kwa ndege. Nilisaini karatasi nyingi, nikakabidhiwa funguo, blanketi mbili na kopo la kahawa.

Mtauliza nilimtakia nini. Ninyi mliokulia mjini hamjui adha ya kuhamia shamba. Sisi wa bonde hili mvua zikianza tunafunga nyumba, tunakwenda kwenye mpunga, mbali, tunakaa miezi kwenye dungu, kibanda juu ya miti, tukilinda ndege na nguruwe. Shamba langu liko ng'ambo ya kijiji cha Mbingu. Mgongo wangu ulikuwa umechoka na dungu. Nilipomwona Kobe nikajisemea, hili ndilo dungu langu, lina magurudumu, lina godoro, na zana zangu zinaenea chini ya kitanda, nitatengeneza pawatila, vile vitrekta vya mkono vya wakulima, huko huko.

Mama Tekla, mke wangu, alilitazama siku nilipolileta, akaweka mikono kiunoni.

"Baba Tekla, nyumba ikiharibika unaita fundi nyumba. Gari likiharibika unaita fundi gari. Hili likiharibika utamwita nani?"

Nilicheka. Sikujua kwamba aliyosema ndiyo yatakuwa maisha yangu.

Gari la kawaida likitetemeka, linatetemeka chuma. Gari-nyumba likitetemeka, kabati linafunguka, sahani zinaruka, skrubu zinalegea moja baada ya nyingine, na wewe dereva hujui kelele ipi ni ya sufuria na ipi ni ya springi iliyokatika. Nilikuwa nasimama kila baada ya kilomita chache, naingia chini na tochi, kumbe ni kifuniko cha birika. Siku ya tano unachoka kusimama. Hapo ndipo springi inapokatika kweli.

Paa lilivuja. Nikaliziba kwa lami, kazi safi, nikajipongeza. Jua la Februari likaja, lami ikayeyuka, ikadondokea kwenye maharage. Mama Tekla alinipakulia hivyo hivyo. Mwaka uliofuata maji yakapita pembeni, yakaingia chini ya kitanda alikoficha mbegu za mpunga, na kabla hatujajua, mpunga ukachipua kwenye zulia. Jirani yetu Masunga, Msukuma aliyehamia kule na ng'ombe wake, alichungulia mlangoni, akapiga kofi pajani, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba! Sisi tunahangaika kulima, kumbe wewe unavuna kitandani!"

Huyo Masunga alituvuta kwenye tope mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, kwa ng'ombe wanane. Kila mara aliwazunguka ng'ombe wake kwanza, akiwashika miguu, ndipo afunge mnyororo. "Kwetu nimeona nyumba ikiungua," alikuwa akisema, "nimeona ikianguka. Ikikwama, sijapata kuona."

Na gesi, jamani. Kobe alikuja na friji inayotumia gesi. Mchana mmoja nilikuwa nje nimelala chini ya injini, nikasikia harufu. Nikainua kichwa, nikaona kupitia mlangoni Mama Tekla ameshika njiti ya kiberiti, anataka kuwasha jiko. Sauti iliyonitoka siku hiyo sijui ilikuwa ya nani. Aliidondosha njiti kabla hajaiwasha. Nilipoinuka nilikoroga sabuni kwenye maji, nikapaka povu kwenye maungio ya mpira wa gesi, na pale nyuma ya friji povu likavimba kama shavu la mtoto. Hivyo ndivyo unavyotafuta gesi inayovuja, shikeni hilo: povu, kamwe si moto. Jioni ile niling'oa mtungi na friji vyote. Tangu hapo tukapika nje kwa kuni.

Sabuni ni kitu kizuri mahali pake. Sasa nisikilizeni mahali ambapo si pake.

Msimu mmoja, miaka michache nyuma, daraja la mto ulio kati ya Ifakara na Mahenge likiwa limeshajengwa na kivuko kimesahauliwa, tope lilikula raba ya breki ya gurudumu la nyuma kushoto. Mafuta ya breki yakawa yanavuja kidogo kidogo. Niko shamba, duka liko mbali, mpunga unaanza kuiva, ndege wako juu. Nikafanya kile ambacho kila fundi wa porini amewahi kukifanya na kila mmoja atakataa: nilichukua kipande cha sabuni ya mche ya Mama Tekla, nikakikoroga kwenye maji, nikajaza kikopo cha breki. Nikapiga pedali. Ikashika. Ikashika vizuri kabisa.

Nataka muelewe kwa nini mtu wa bonde anafanya kosa hili. Huku kwetu ardhi ni tambarare kama sinia. Kutoka Ifakara mpaka Mbingu huoni mteremko wa kukutisha. Ukiachia pedali ya mafuta, tope linakusimamisha lenyewe. Mtu anaweza kuendesha mwaka mzima breki zake zikiwa za maji na asijue kama zimekufa. Milima tunaiona tu pembeni, imesimama, kama si yetu.

Nami nilikuwa nimekatazwa. Mzee Remigi, fundi aliyenilea kikazi kule Kidatu, Mpogoro wa Mahenge kama mimi, alinikuta nikiwa kijana nikimimina maji ya sabuni kwenye breki za tela la miwa. Hakunipiga. Alichukua kikombe changu, akanishika mkono mpaka kwenye trekta lililokuwa linaunguruma, akamwaga maji yale juu ya bomba la moshi. Yakalia shaa, yakapotea.

"Umeona yamekwenda wapi?"

"Hewani, Mzee."

"Breki zikipata moto, na maji yako yatakwenda huko huko. Mafuta yanasukuma. Mvuke unabonyea tu. Utakanyaga hewa, mwanangu."

Alinieleza mara moja tu, na sikusahau hata neno. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Basi, Jumapili moja asubuhi simu ikalia. Beda, mwana wa Mzee Remigi, anapiga kutoka Mahenge. Wakati huo Mzee alishastaafu, amerudi kwao milimani.

"Shikamoo kaka. Mzee ameteleza bafuni, nyonga imevunjika. Wametuandikia rufaa tumlete Ifakara. Hawezi kukaa, kaka, hata ukimwinua kidogo anazirai. Mwenyewe anasema aitwe Kasiani aje na ile nyumba yake yenye kitanda."

Mwenyewe anasema aitwe Kasiani. Maneno hayo yalinipandisha kichwa. Tulifungasha mara moja, mimi na Mama Tekla. Maji ya sabuni niliyakumbuka, msidhani niliyasahau. Nilipofika Ifakara nilisimama mbele ya duka la vipuri. Limefungwa, mwenyewe yuko misa. Nikasubiri dakika kama kumi, nikasikia kwaya bado inaimba, nikajiambia: kupanda mlima hakuhitaji breki, nitanunua Mahenge. Nikaondoka.

Mahenge nikapokewa kama askofu. Majirani wamejaa uani, Mzee amelazwa kwenye godoro, uso umekuwa wa kijivu kwa maumivu, lakini aliponiona alitabasamu, akawaambia watu, "Huyu nilimfundisha mimi. Nikiwa na huyu siogopi barabara." Watu wakapiga makofi. Niambieni ninyi, kwa makofi yale, ningewezaje kusema, jamani ngojeni kwanza nikatafute mafuta ya breki, nimekuja na maji ya sabuni?

Mtu mzima angesema. Mimi sikusema.

Tukamwingiza Mzee na godoro lake juu ya kitanda, ubavuni mwa ukuta wa kulia. Mama Tekla akakaa naye nyuma. Beda angefuata kesho yake na nguo na vyombo. Tukaanza kushuka.

Mnaijua barabara ile. Ukitoka Mahenge, upande wako wa kushoto ni korongo, kulia ni ukuta wa udongo mwekundu wa mlima. Na mimi usukani wangu uko kushoto. Nilikuwa nikitazama dirishani nayaona moja kwa moja maparachichi ya watu huko chini. Akili ilijua kwamba natakiwa kushuka na gia namba moja, taratibu, nisimame nipooze magurudumu. Lakini kila Kobe alipoyumba Mzee aliguna, na nikataka safari iishe. Niliweka namba tatu. Nikawa nakanyaga breki kila kona.

Kwenye kona ya nne au ya tano pedali ikazama. Nikaipiga mara mbili haraka, ikapanda tena, ikashika. Na nyuma ya pazia, sauti ya Mzee ikaja, dhaifu lakini ya fundi.

"Kasiani. Unapampu."

"Ni kona tu, Mzee."

"Nasikia mguu wako. Umeweka nini humo?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusimama. Barabara ilikuwa imenyooka kidogo, gari bado lilikuwa mkononi mwangu. Ningesema neno moja tu tungekaa saa nzima kando, magurudumu yapoe, tushuke kwa miguu ya kobe kweli. Mama Tekla naye alikuwa anasikiliza.

"Mafuta ya breki, Mzee," nikasema. "Mapya."

Aliniamini, au alitaka kuniamini.

Kona mbili baadaye nilikanyaga pedali ikaenda mpaka sakafuni, laini, kama unakanyaga mkate. Nikapampu. Hakuna. Nikapampu tena. Hakuna kitu. Nikavuta handibreki, waya wake ulikuwa umeliwa na kutu ya mafuriko, ukakatika ukabaki mkononi mwangu. Nikarudisha gia ya pili, injini ikapiga ukelele, Kobe akapunguza kidogo, halafu uzito wa nyumba ukamsukuma tena. Namba moja ikakataa kuingia. Vijana, woga wa namna ile hauna kelele. Mikono inafanya kazi peke yake, na unasikia kila sahani kabatini.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja: kumkwaruza Kobe kwenye mlima mpaka asimame. Lakini mlima ulikuwa kulia. Na nyuma ya ukuta wa kulia, bati jembamba na mbao iliyooza, amelala Mzee Remigi na nyonga yake iliyovunjika.

"Mama Tekla!" nikapiga kelele. "Mshushe chini! Mtoe ukutani!"

"Akiguswa anakufa!"

"Mtoe! Breki hamna!"

Mzee ndiye aliyemjibu. "Nivute, binti yangu. Vuta godoro. Na wewe Kasiani, usiugonge mlima kwa pembe ya mbele. Laza ubavu wote. Ubavu wote, polepole."

Nikahamia upande wa kulia wa barabara, upande wa wanaopanda, nikiwa nimebana honi. Kwenye kona akatokea bodaboda amebeba mikungu miwili ya ndizi. Nilimwona macho. Akapita kushoto kwangu, kati yangu na korongo, mahali ambapo mpaka leo siamini kama panatosha pikipiki. Kisha nikasikia kishindo cha godoro likianguka sakafuni, na Mzee akalia. Miaka yote niliyomjua, amepondwa vidole, ameunguzwa na maji ya rejeta, sijawahi kumsikia akilia. Alilia mara moja tu, kwa sauti ndefu, mpaka ikakatika.

Nikalaza ubavu. Udongo ukamla Kobe. Kioo cha pembeni kikaenda, dirisha la jikoni likaenda, bati likachanika kwa sauti ambayo bado huniamsha usingizini, mbao zikaingia ndani, mizizi ikaingia ndani. Halafu tukasimama. Vumbi lilikuwa jekundu, zito, sikuona kitu.

Niliita. Hakuna aliyejibu. Niliita tena jina la mke wangu, jina lake la usichana, sijui kwa nini.

"Tupo," akasema. "Anapumua."

Kitanda kilikuwa kimetobolewa na ubao mahali Mzee alipokuwa ameweka kifua.

Nilishuka, nikafungua kikopo cha breki nione. Povu likapanda, jeupe, likamwagika kwenye vidole vyangu likinukia sabuni ya mche. Mama Tekla alikuwa amesimama nyuma yangu. Alilitazama povu. Akanitazama mimi. Sabuni ni yake, anaijua harufu yake.

Kutoka ndani Mzee akauliza, kwa tabu, "Mnaona nini huko?"

Mama Tekla alinisubiri mimi nijibu.

"Raba imekatika, Mzee," nikasema.

Yule kijana wa bodaboda akarudi amefura. "Mzee, unataka kutumaliza? Hiyo nyumba unaihamishia wapi na mwendo wote huo?" Alipochungulia ndani akaona mgonjwa sakafuni, hasira zikamwisha. Akashusha ndizi zake, akashuka mpaka Lupiro, akaniletea chupa mbili za mafuta ya breki. Mafuta halisi, haya haya niliyoshindwa kuyasubiria mpaka misa iishe. Nikaziba mrija wa lile gurudumu bovu, nikaanza kutoa hewa, mimi chini ya gari, Mama Tekla kwenye pedali, tunaitikiana: kanyaga, shikilia, achia. Maji yalitoka mengi, yenye povu, kabla mafuta hayajafuata. Mzee alikuwa amelala sentimita chache juu ya kichwa changu, upande wa pili wa sakafu, na fundi anayesikia hewa ikitolewa kwenye breki anajua mangapi yametoka. Hakuuliza tena.

Tulifika hospitali usiku, gia namba moja mteremko wote.

Kesho yake Beda akaja, akakuta Kobe amechanika ubavu kama samaki aliyepasuliwa. Akaingia wodini amechanganyikiwa. "Baba, kumetokea nini?"

"Muulize Kasiani," Mzee akasema.

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na nafasi nyingine tena, mnaona? Mungu alinipa nyingi.

"Breki zilifeli," nikasema.

Beda akanishukuru. Akanishika mikono yote miwili, akasema nisingekuwa mimi usukanini baba yake angekufa. Mzee akageuza uso ukutani. Mama Tekla akatoka nje.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu kuliko mlima. Mama Tekla alinipikia, aliniamkia, alizungumza nami habari za kuku na za wajukuu, ila hakukanyaga ngazi ya Kobe. Nilimtengeneza peke yangu. Nilibadilisha silinda zote nne za breki, raba, mirija, waya wa handibreki, nikaunda ubavu mpya kwa bati la nyumba, lile la migongo, ndiyo maana mnaona yuko hivyo. Breki za Kobe hazijawahi kuwa nzuri kama wakati ule. Lakini kila nilipokwenda kumtazama Mzee, tuliongea habari za hali ya hewa. Mtu aliyenifundisha kushika spana, tunaongea habari za mvua. Nilitamani anitukane.

Siku ya kuruhusiwa, Beda alikuja na gari dogo la kukodi, zuri, lenye viti vya kulala. Mimi nilifika na Kobe, kwa adabu tu, sikutegemea kitu. Mzee alitoka na magongo mawili, akaliangalia gari dogo, akamwangalia Kobe, akatembea polepole mpaka kwa Kobe. Beda akasema, "Baba, kwa usalama wako," na Mzee akamwinulia gongo anyamaze. Mama Tekla alikuwapo, ameleta uji kwenye chupa.

Mzee akaegemea boneti. Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Kabla sijapanda," akasema, "nitajie kila kilicho kibovu humu ndani. Kila kimoja."

Nikaanza. Nikamwambia wipa ya kushoto haifuti. Geji ya mafuta inadanganya, ikisema nusu ujue ni robo. Springi ya nyuma kulia imeungwa. Mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba. Rejeta inavuja ukipanda mlima mrefu, nimebeba madumu mawili ya maji. Tairi la akiba lina kipara. Anasikiliza, anaitikia kwa kichwa kila kimoja. Nikamwambia taa moja ya nyuma haiwaki, paa bado linavuja juu ya sinki, namba moja wakati mwingine inagoma kuingia. Nikafika mwisho.

"Ni hayo tu?"

Nilimtazama Beda. Nilimtazama mke wangu. Niliogopa, vijana, kuliko nilivyoogopa kwenye kona, nasema kweli yangu.

"Siku ile niliweka maji ya sabuni kwenye breki," nikasema. "Nilijua. Uliponiuliza, nilikudanganya. Ungekufa kwa ajili ya aibu yangu, Mzee. Wewe na Mama Tekla."

Mama Tekla alishika chupa ya uji kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, hayafuti.

Mzee Remigi akampa Beda magongo, akashika nguzo ya mlango.

"Haya," akasema. "Sasa naweza kulala."

Akapanda, akajinyoosha kitandani, upande ule ule wa kulia. Mama Tekla akavua kandambili zake, akapanda nyuma yake. Nikawasha Kobe, namba moja, na kabla hatujavuka daraja la mto nikasikia Mzee anakoroma.